Bei na Makali: Thamani ya Kisu katika Wilaya za Handeni na Korogwe

Swali la iwapo bei ya kisu huonyesha ubora wake lina sura ya kibiashara, lakini ndani yake mna swali la kale zaidi, nalo ni kama wema wa kitu umo katika kitu chenyewe au umo katika matamanio ya watu wanaokizunguka. Wanafalsafa wamezoea kulijadili jambo hilo kwa mifano ya dhahabu, maji na almasi, ilhali kisu ni mfano unaofaa kuliko hivyo vyote, kwa kuwa kazi yake isiyobishaniwa ni kukata, na kazi hiyo hupimwa na mkono wa mtu yeyote bila kumsubiri mthamini. Wilaya za Handeni na Korogwe, zinazopakana katika Mkoa wa Tanga, zinastahili kuwa uwanja wa mjadala huu kwa sababu makali ya namna nyingi hukutana humo: panga la mkulima wa mahindi na mihogo, kisu cha mkata mkonge wa Ngombezi na Magunga, sime ya mfugaji wa Kimaasai, kisu cha mchinjaji, na pengine jambia la kurithi lililotoka Pwani na kutunzwa sandukuni bila kukata chochote.

Lugha yenyewe ina ushahidi wake. Katika Kiarabu cha wanasheria, thaman ni kiasi ambacho muuzaji na mnunuzi wamekubaliana, na qima ni kile ambacho kitu kinastahili kwa makadirio ya wajuzi, hata pasipo mapatano yoyote. Kiswahili kilipoyapokea maneno hayo kiliyapanga upya: thamani ikawa ndiyo stahili ya kitu, kima kikabaki na maana ya kiwango, kama kinavyosikika katika kima cha chini cha mshahara, na mahali pa mapatano pakachukuliwa na bei, neno ambalo asili yake ni tendo lenyewe la kuuza na kununua. Kwa hiyo Mswahili anapotaja bei hataji sifa ya kitu, bali anataja jambo lililopita baina ya watu wawili. Sifa ya kisu ina neno lake jingine, tena la ajabu kidogo, kwa maana kisu chenye makali husemwa kuwa kinapata, na kilicho butu husemwa kuwa hakipati. Kitenzi kile kile kinachotumika kwa mtu aliyejaliwa riziki ndicho kinachotumika kwa chuma kilichonolewa. Katika makala haya neno ubora litachukuliwa kwa maana hiyo ya kupata, yaani uwezo wa kudumu wa kisu kutenda kazi ambayo kilifuliwa kwa ajili yake.

Methali zimegawanyika. Ile isemayo kwamba rahisi huvunja upishi humwonya mnunuzi kuwa upungufu wa bei ni dalili ya upungufu wa kitu, na wanaoamini kwamba bei husema kweli huikimbilia. Lakini ile nyingine, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, ambayo mara nyingi hutajwa pamoja nayo kana kwamba ni moja, haisemi lolote kuhusu bei: inasema tu kwamba kizuri hakihitaji mpiga debe. Mtu anaweza kuzikubali zote mbili na bado asijue alipe kiasi gani.

Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, Plato anamfanya Socrates atoe mfano wa tawi la mzabibu, ambalo laweza kukatwa kwa jambia au kwa kisu cha fundi viatu, ila hakuna kinachoweza kulikata vizuri kama chombo kilichoundwa mahsusi kwa kupogolea mizabibu. Kutokana na mfano huo anafikia fundisho kwamba kila kitu kina kazi yake, na kwamba ubora wa kitu, ambao Wagiriki waliuita arete, ni kuitenda kazi hiyo vyema. Fundisho hili halihitaji mizabibu ili lieleweke Korogwe. Mkata mkonge huondoa kwanza mwiba ulio kwenye ncha ya jani, kisha hulikata jani karibu na shina, na majani yaliyokatwa hufungwa mafungu ya thelathini thelathini hadi ngwe ya siku, yaani kipimo cha kazi alichopangiwa, iishe. Jani la mkonge ni gumu na utomvu wake huwasha ngozi, hivyo kisu kisichopata humchosha mkataji mapema na kumchelewesha juani. Bei iliyolipwa kwa kisu hicho, iwe imelipwa na kampuni au na mkataji mwenyewe, haina nafasi yoyote katika hukumu ambayo mkono hutoa ifikapo saa nne asubuhi.

Mkonge wenyewe unatoa funzo jingine. Tangu mche huo uletwe mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye alifikisha hai miche sitini na miwili tu, nyuzi zake zimepanda na kushuka bei mara nyingi. Wakati wa Vita vya Korea bei ilipaa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000. Na kamba za plastiki zilipoenea duniani bei ikaporomoka na mashamba mengi ya Korogwe yakaota magugu. Katika kipindi chote hicho uzi haukubadilika, wala hakuna aliyedai kwamba ulipoteza nguvu siku ile kamba ya plastiki ilipotengenezwa ng'ambo. Bei ilibadilika kwa sababu dunia iliyouzunguka uzi ilibadilika. Mtu anayesema kwamba bei ni kioo cha ubora hana budi kueleza kioo hicho kilikuwa kikionyesha nini wakati kitu kilichosimama mbele yake hakikusogea.

Ushahidi wa karibu zaidi unatokana na historia ya udhibiti wa bei nchini. Tume ya Taifa ya Bei ilianzishwa mwaka 1973 ili kupanga bei za bidhaa nyingi, na uhaba wa miaka iliyofuata, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukazaa ulanguzi, yaani biashara ya mafichoni kwa bei ya juu kuliko iliyotangazwa, hadi serikali ikaendesha kampeni kali dhidi ya walanguzi mwaka 1983. Katika mazingira kama hayo bidhaa moja, iliyotoka katika kiwanda kimoja, iliweza kuwa na bei mbili katika siku moja: moja dukani, ambako mara nyingi haikuwapo, na nyingine nyuma ya nyumba, ambako ilikuwapo. Kama bei ingekuwa ni sura ya ubora, ingelazimu kuaminika kwamba panga lilikuwa kali maradufu kwa kupitishwa mlango wa nyuma.

Hata hivyo haitoshi kusema kwamba bei haihusiani na ubora, kwa sababu kauli hiyo, ijapokuwa huwafurahisha wanaopenda kukosoa soko, hushindwa kueleza kwa nini mkulima mwenye busara huongeza fedha ili apate panga fulani na kuliacha jingine. Hapa yafaa kuingia kidogo katika chuma chenyewe. Chuma kisicho na kaboni ya kutosha ni laini, hupinda na hakishiki makali hata kikinolewa kutwa nzima. Pua, yaani chuma chenye kiasi kidogo cha kaboni ndani yake, inaweza kufanywa ngumu kwa kupashwa moto hadi iwe nyekundu na kutoswa ghafla katika maji au mafuta, kisha kupashwa tena kwa moto hafifu ili ugumu usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika. Ndiyo sababu mhunzi mjuzi hupenda springi za magari mabovu, kwa kuwa chuma chake kina kaboni ya zaidi ya nusu ya asilimia moja na kilikusudiwa tangu mwanzo kustahimili kupindwa na kurudi. Visu viwili vyaweza kutoka katika springi hiyo hiyo, kimoja kikatoswa kwa wakati wake na kingine kikachelewa, na vyote viwili vikang'aa sawa na kulingana uzito. Ubora wa kisu, kwa maneno mengine, umefichwa katika historia ya moto wake, na jicho haliisomi historia hiyo.

Kwa kuwa ubora umefichwa, mnunuzi hutafuta kitu cha kuusemea. Alama iliyopigwa kwenye bapa ni mojawapo, kama ile ya mamba iliyokuwa kwenye mapanga ya Martindale wa Birmingham ambayo yalienea katika makoloni ya Waingereza. Jina la mhunzi ni kingine. Na bei ni cha tatu. Lakini gulioni, yaani katika soko la siku maalumu ya juma kama yalivyo mengi katika sehemu hizi za Tanga, mashahidi hao watatu hawaachwi waseme peke yao. Mnunuzi hupitisha kidole gumba kwa ukingo wa makali, hukipiga kisu kwa ukucha na kukisikiliza, hukipinda kidogo na kutazama kama kitarudi, na asiporidhika huomba kukijaribu kwenye kijiti. La maana zaidi ni kwamba muuzaji atarudi juma lijalo mahali pale pale, na mnunuzi pia, akiwa na kisu chake mkononi na majirani nyuma yake. Bei inayotokana na hali kama hiyo hukaribia ubora, na hufanya hivyo kwa sababu pana watu watakaoonana tena na kisu kitakachokwenda kazini. Mojawapo ya mambo hayo mawili likiondolewa, bei hubaki ikining'inia.

Sheria ya Kiislamu, ambayo waumini wengi wa Handeni na Korogwe huifuata katika mauziano yao, imejengwa juu ya ufahamu huo huo. Wanazuoni hutaja hiari ya kasoro, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua kilikuwa na aibu iliyofichwa, na ghabni, yaani punjo kubwa inayovuka kile ambacho wajuzi wa soko wanakizoea. Na Mtume, kwa mujibu wa hadithi inayopokewa kutoka kwa Anas, alikataa kupanga bei alipoombwa, kwa hoja kwamba Mwenyezi Mungu ndiye apangaye, naye hakutaka kukutana Naye akiwa na dhuluma ya mtu shingoni. Bei imeachwa huru, lakini ukweli juu ya kitu haukuachwa. Katika suala la kisu chenyewe mafundisho ni dhahiri zaidi: mchinjaji anaamrishwa anoe makali yake na ampunguzie mnyama mateso, na kuchinja kunasihi kwa chochote kitiririshacho damu isipokuwa jino na ukucha. Kisu cha bei nafuu kilichonolewa kimetimiza amri. Jambia la fedha lililo butu limeikiuka, na mnyama hana namna ya kuvutiwa na fedha.

Mapokeo ya Kikristo, ambayo misheni ya Kideleko ni mmoja wa mashahidi wake wa zamani huko Handeni, yamefika mahali pa jirani kwa njia nyingine. Augustino, mwana wa Afrika ya Kaskazini, alitofautisha daraja ambayo kitu kinayo katika maumbile na daraja ambayo watu hukipa kwa haja zao, akitaja kwamba mtu angependa kuwa na mkate nyumbani kuliko panya, ingawa panya ana uhai na mkate hauna. Thomas wa Akwino aliichukua hoja hiyo alipoandika juu ya bei ya haki na akakubali kwamba bei hufuata manufaa kwa binadamu, huku akimlazimisha muuzaji kutangaza kasoro iliyofichika. Neno manufaa ndilo lenye uzito hapa, kwani Augustino na Thomas walimfikiria mnunuzi anayekusudia kukitumia kitu.

Mkusanyaji wa visu hakusudii hivyo, na papo hapo swali hubadilika. Kukusanya ni kukitoa kitu katika kazi yake na kukiweka mahali ambapo kazi hiyo haitadaiwa tena. Kisu kilichotundikwa ukutani hakipati wala hakikosi kupata, kwa sababu hakuna kinachokatwa. Mahakama pekee iliyoweza kuuhukumu ubora wake imefungwa, na bei, ambayo gulioni ilikuwa shahidi mmoja kati ya kadhaa, sasa inakalia kiti cha hakimu. Si kwamba mkusanyaji ni mjinga. Anayoyalipia ni mambo halisi: umri wa kisu, uchache wake, ustadi wa nakshi, habari za aliyekimiliki. Kosa lake, pale anapokosea, ni kuyaita mambo hayo ubora wa kisu, kisha kuitumia bei aliyoilipa kuwa hoja ya kuthibitisha ubora huo, akizunguka kama ng'ombe wa kinu.

Al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu wa karne ya tisa, aliliona tatizo hili mapema kuliko wengi. Katika risala aliyomwandikia Khalifa al-Mu'tasim kuhusu aina za panga za vitani alieleza kwamba upanga unaoitwa atiki, neno ambalo kwa kawaida humaanisha wa kale, hauitwi hivyo kwa sababu ya miaka yake bali kwa sababu ya utukufu wa chuma chake, kama farasi wa nasaba bora anavyoitwa hivyo hata akiwa mwanafarasi. Upanga uliofuliwa jana waweza kuwa atiki, na uliofuliwa zama za mababu waweza usiwe. Kwa sentensi chache al-Kindi ameutenga umri na ubora, jambo ambalo masoko ya vitu vya kale yangefilisika kama yangelitenda. Na ikumbukwe kwamba sehemu ya chuma kilichosifiwa kwa kuundia panga za India ilitoka katika mwambao wa Afrika Mashariki: al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, anasimulia jinsi chuma cha Sofala kilivyosafirishwa hadi India.

Sime inaonyesha mgawanyiko huo kwa uchungu zaidi. Kwa desturi ya Wamaasai chuma hufuliwa na watu wa Il-kunono, ambao walitengwa na kudharauliwa ijapokuwa hakuna shujaa aliyeweza kutembea bila kazi ya mikono yao, kinyume na Washana wa Ugweno, katika Upare jirani, ambao ni ukoo wa wafua chuma uliopata hata kutawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Upanga uliheshimiwa na mfuaji akatemwa. Thamani ya kitu ikatenganishwa na thamani ya mtu aliyekifanya, na Ibn Khaldun, aliyefundisha kwamba chumo kubwa la binadamu ni thamani ya kazi yake, angekuwa na la kusema juu ya hesabu hiyo. Siku hizi sime yenye ala ya ngozi nyekundu huuzwa kwa wageni pia, na sime ya namna hiyo yaweza kufuliwa kwa chuma laini ambacho hakikupata kutoswa, ikauzwa ghali kuliko ile ya mfugaji wa Handeni inayokata miba ya boma, bila muuzaji kusema uongo wowote, kwa sababu mgeni hakuuliza kama inapata.

Wanaowatetea wakusanyaji wana hoja moja yenye nguvu, nayo ni kwamba bei kubwa huhifadhi. Kisu kinachotumika hunolewa, na kila kunoa ni kukipunguza, hata kengee, yaani bamba lake la chuma, likawa jembamba kama jani la muwa na hatimaye kutupwa au kurudishwa motoni. Kile kinachokatazwa kufanya kazi kwa sababu ya bei yake ndicho kinachosalia ili wajukuu waone babu zao walifua nini. Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi chake, ila inathibitisha kwamba bei huhifadhi umbo, na haithibitishi kwamba huonyesha ubora. Tena uhifadhi hauhitaji bei siku zote: silaha zilizochukuliwa baada ya Vita vya Maji Maji na kupelekwa Berlin zilifika huko bila mwenyewe kulipwa, na zimehifadhiwa.

Mfano unaomaliza ubishi ni ule wa jambia la Yemeni. Huko, jambia ni alama ya heshima ya mwanamume, na bei yake iliamuliwa hasa na mpini, wala si kengee. Mpini uliotukuzwa kuliko yote ulikuwa wa pembe ya faru, ambayo kadiri inavyoshikwa miaka mingi ndivyo inavyong'aa kwa rangi ya asali. Katika miaka ya 1970 vibarua wa Yemeni waliofanya kazi Saudi Arabia walirudi na fedha za mafuta, waliokuwa hawawezi kununua mpini wa pembe wakaweza, na pembe zikatafutwa Afrika Mashariki. Kwa upande wa kukata, mpini wa pembe ya faru hauzidi mpini wa mti wowote mgumu unaokaa vizuri mkononi. Bei yote ile ilikuwa ni kauli ya watu kuhusu watu wengine, na kisu kilikuwa mahali pa kuiandikia tu. Yemeni ilipiga marufuku kuingiza pembe mwaka 1982, wakati madhara yalikuwa yamekwishatendeka.

Kaskazini ya Korogwe, nyuma ya milima ya Usambara, iko Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na hifadhi ya taifa tangu 2008. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 faru weusi wa hapo walikuwa wamekwisha kwa ujangili. Walioko leo ni wale walioletwa kuanzia mwaka 1997, kwanza kutoka Afrika Kusini na baadaye kutoka bustani za wanyama za Ulaya, pamoja na wazao wao, nao wanaishi ndani ya uzio na kulindwa usiku na mchana.